Fremu za kale zilizovishwa dhahabu: kwa nini maji ni adui, na mafundi huzirudishaje

Tangu tulipogusia vitu vya kale katika kipindi chetu cha asubuhi, kuna swali ambalo limejirudia katika simu na ujumbe wa wasikilizaji. Mmoja ana kioo kikubwa alichoachiwa na bibi yake. Mwingine ni katekista anayeuliza kuhusu picha ya Bikira Maria iliyotundikwa sakristia tangu enzi za mapadre wazungu. Fremu ina rangi ya dhahabu, imefifia, imebanduka hapa na pale, na maua ya pembeni yameanza kudondoka. Wote wanataka kujua: hiyo ni dhahabu kweli? Na tuisafisheje?

Jibu la haraka, kwa anayesoma huku bando linaishia: usiioshe kwa maji, usiipake rangi ya kopo, na kipande chochote kilichodondoka kiokote ukiweke kwenye bahasha. Anayetaka kujua sababu aendelee nasi.

Zimetoka wapi

Asili ya fremu hizi ni Ulaya. Nchini Italia, katika miaka ya 1300 na 1400, picha za altareni zilichorwa juu ya mbao, na fremu zake zikachongwa na kuvishwa dhahabu ili zing'ae katika mwanga wa mishumaa. Baadaye fremu ikawa kitu kinachojitegemea, kinachoweza kutenganishwa na picha. Wafalme wa Ufaransa walizipenda zenye nakshi nyingi, na mafundi wa Paris na London wakaufanya kuwa ufundi mkubwa wa mjini. Kufikia miaka ya 1800 karakana nyingi ziliacha kuchonga kila ua kwa patasi, zikaanza kuyafyatua maua kwa kalibu, kama mtu anavyofyatua tofali. Bei ikashuka, na fremu ya dhahabu ikaingia hata katika nyumba ya mwenye duka.

Huku kwetu zilikuja kwa meli. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza juu ya vioo vikubwa vilivyoagizwa kutoka Ulaya kupamba vyumba vya kasri. Nyingine zililetwa na wamisionari, wafanyabiashara na maofisa wa serikali za kikoloni. Ndiyo maana leo fremu ya namna hii inaweza kukutwa kwenye nyumba ya kale ya pwani, na pia kwenye kanisa la misheni lililo kilomita nyingi kutoka barabara ya lami.

Dhahabu iliyomo ni kiasi gani

Wasikilizaji wetu wa Geita, Kahama na Chunya wanaijua dhahabu kuliko sisi wa studioni, kwa hiyo tuanze na hesabu.

Dhahabu ya fremu hufuliwa kwa nyundo mpaka inakuwa karatasi nyembamba mno. Karatasi moja ya siku hizi ina upana wa sentimita 8 hivi kila upande, na unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hiyo mara mia kadhaa. Ukiishika kwa vidole inapotea, inabaki kama doa la kung'aa kwenye ngozi. Ukipumua karibu nayo inaruka. Zamani wafuaji waliitenganisha, karatasi moja na nyingine, kwa utando wa nje wa utumbo wa ng'ombe, kwa sababu utando huo unavumilia nyundo maelfu ya mara bila kupasuka. Mji wa Kanazawa nchini Japani unaendelea na kazi hiyo mpaka leo, na karibu karatasi zote za dhahabu za nchi hiyo hutoka huko.

Kwa unene huo, gramu 1 ya dhahabu inaenea karibu nusu mita ya mraba. Sasa chukua picha yenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 70, uipe fremu yenye upana wa sentimita 10. Uso wa fremu hiyo yote haufiki mita 0.4 za mraba. Ukihesabu mabonde na vilima vya nakshi, na sehemu ambazo karatasi moja hupanda juu ya nyingine, unafika gramu 1 au karibu na hapo. Zamani karatasi zilikuwa nene kidogo. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika kitabu cha ufundi karibu na mwaka 1400, alishauri sarafu moja ya dukati, yenye gramu 3.5 hivi, itoe karatasi zisizozidi 100, na akalalamika kwamba wafuaji wanatoa 145. Hata kwa kipimo chake, fremu yetu ingekuwa na gramu chache tu.

Tunalisema hili kwa sababu kuna watu wanaokwangua fremu au kuzichoma wakitafuta dhahabu. Watakachopata ni vumbi la chaki, gundi na udongo, na ndani yake chembe zisizolipa hata nauli ya kwenda kwa mnunuzi. Thamani iko kwenye fremu yenyewe, ikiwa nzima. Kuikwangua ni kuchinja ng'ombe wa maziwa ili uuze kwato.

Na kwa wanaotumia zebaki machimboni: ni kweli kwamba zamani vitu vya shaba, kama saa za mezani, vilivishwa dhahabu kwa kuichanganya na zebaki kisha kuchoma moto. Ufundi huo uliwaua mafundi wengi kwa moshi wake. Lakini haukuwa ufundi wa fremu za mbao, maana moto ungeiteketeza mbao yenyewe.

Tabaka kwa tabaka

Ukiitazama kwa mbele unaona dhahabu. Kwa kweli dhahabu ni tabaka la mwisho tu, na jembamba kuliko yote.

Chini kabisa kuna mbao, kama msonobari, mwaloni au mti mwingine wa Ulaya. Juu ya mbao fundi hupaka gundi ya moto iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, hasa sungura. Kisha huchanganya gundi hiyo hiyo na unga mweupe, chaki kwa mafundi wa Ufaransa na Uingereza, jasi kwa wale wa Italia, na kupaka tabaka baada ya tabaka, mara nane au zaidi, mpaka mbao isionekane tena. Plasta hii nyeupe ikikauka inasuguliwa mpaka inakuwa laini kama ganda la yai. Ukiona fremu yenye mikunjo laini isiyo na alama ya patasi, unachokitazama ni plasta hiyo.

Juu ya plasta unakuja udongo laini sana, mara nyingi mwekundu, uliochanganywa na gundi kidogo. Una kazi mbili. Unaipa dhahabu joto la rangi, maana dhahabu nyembamba juu ya nyeupe huonekana baridi na kijani kidogo. Pili, udongo ni mlaini kiasi cha kuiwezesha dhahabu kusuguliwa ing'ae kama kioo.

Sasa sikiliza hatua inayofuata, kwa sababu humo ndimo siri yote ilimo. Fundi huulowesha ule udongo kwa maji yenye pombe kali kidogo. Maji yanaamsha gundi iliyolala ndani yake. Hapo hapo analaza karatasi ya dhahabu, na gundi inaivuta. Maji yakikauka, dhahabu imeshika. Hakuna vanishi wala gundi ya kisasa. Kinachoishikilia dhahabu pale juu kwa miaka 200 ni gundi ya ngozi ambayo maji yanaweza kuiamsha tena siku yoyote.

Kuna njia ya pili, ya mafuta. Hapo dhahabu hulazwa juu ya mafuta ya kitani yaliyoanza kukauka na kunata. Hii inastahimili maji zaidi, na ndiyo hutumika kwenye vitu vya nje, lakini haiwezi kusuguliwa ing'ae sana. Fremu nyingi za kale zina njia zote mbili: sehemu zinazong'aa kwa maji, sehemu zilizopoa kwa mafuta. Kwa macho ya kawaida huwezi kujua mpaka wake uko wapi.

Kitambaa chenye maji kinafanya nini

Mtu anachukua kitambaa kibichi na sabuni kidogo, anapangusa. Mara ya kwanza uchafu unatoka na fremu inaonekana nzuri. Anafurahi, anaongeza nguvu. Kitambaa kinageuka chekundu: huo ni ule udongo. Akiendelea, kinageuka cheupe: hiyo ni plasta. Dhahabu ilishaondoka tangu mwanzo, na haionekani hata kwenye kitambaa kwa sababu ni nyembamba mno. Dakika 5 zinatosha kufuta kazi ya wiki kadhaa.

Kama unataka kujua maji yanaweza kufanya nini kwa kiwango kikubwa, kuna mfano wa mji wa Florence, Italia. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika na kuingia makanisani, maktaba na makumbusho. Katika kanisa la Santa Croce maji yalifunika msalaba mkubwa wa mbao uliochorwa na Cimabue katika miaka ya 1200, ambao pia ulikuwa na tabaka za plasta, gundi na dhahabu. Mbao ilivimba, plasta ikalainika, na rangi ikadondoka ndani ya matope. Takriban asilimia 60 ya rangi ya msalaba ule ilipotea. Picha nyingine ya Giorgio Vasari ya Karamu ya Mwisho, iliyokaa majini saa nyingi, ilirudi kanisani mwaka 2016, yaani baada ya miaka 50.

Nyumbani kwetu mafuriko si lazima. Masika yanatosha. Mbao huvimba unyevu ukipanda na kunywea kiangazi, lakini plasta haina uwezo wa kuifuata. Kila mwaka inapasuka kidogo zaidi, nyufa zinainuka kama udongo wa bwawa lililokauka, na siku moja kipande kinadondoka chenyewe usiku. Ongeza bati linalovuja, moshi wa kandili, vinyesi vya mijusi na popo, nyigu wanaojenga viota vya tope nyuma ya picha, na wadudu wanaobungua mbao kutoka ndani. Pembe nne za fremu nazo zinaachia kwa sababu gundi ya zamani imekauka.

Namna ya kuitambua

Bila kugusa chochote, ipeleke fremu kwenye mwanga wa dirishani na uiangalie kwa ubavu. Tafuta vistari vyembamba vilivyonyooka, vinavyojirudia kila sentimita 8 hivi. Hapo ndipo karatasi moja ya dhahabu ilipanda juu ya nyingine. Rangi ya kopo haina vistari hivyo. Ina alama za brashi. Halafu angalia sehemu zilizoinuka ambazo watu wamezishika miaka mingi. Ukiona wekundu au umanjano wa udongo ukichungulia chini ya dhahabu iliyolika, hiyo ni dalili nzuri.

Dhahabu halisi haichakai kwa hewa. Kama fremu imegeuka kahawia au ina madoa ya kijani, inawezekana ni karatasi ya shaba iliyochanganywa na zinki, au mtu ameipaka rangi ya kopo iliyotengenezwa kwa unga wa madini hayo hayo. Kuna pia fremu za kale zilizovishwa karatasi za fedha na kupakwa vanishi ya manjano ili zifanane na dhahabu. Usizidharau, baadhi ni za zamani na za thamani. Lakini usithubutu kutumia asidi ya sonara kupima. Tone moja linakula plasta nzima chini yake.

Pale ilipovunjika, angalia ndani. Ukiona mbao yenye alama za patasi, nakshi ilichongwa kwa mkono. Ukiona kitu kigumu chenye rangi ya kahawia kama sukari guru, hicho ni kile kinyunga kilichofyatuliwa kwa kalibu: chaki, gundi, mafuta ya kitani na utomvu wa msonobari. Hupasuka kwa mistari iliyonyooka inayokata fremu kwa upana, kila baada ya hatua fulani, kwa sababu kilinywea kilipokauka. Hiyo ni tabia yake, na inasaidia kukisia kwamba fremu ni ya mwishoni mwa miaka ya 1700 au baada ya hapo.

Fundi anavyoirudisha

Fundi mzuri huanza kwa kutofanya kitu. Anapiga picha mbele, nyuma na pembeni. Anavipa namba vipande vilivyodondoka na kutafuta mahali pa kila kimoja, kama mtu anayeunganisha chungu. Anaondoa picha au kioo kwenye fremu ili visidhurike.

Kisha anaimarisha kilicholegea kabla ya kusafisha chochote, maana brashi inaweza kubeba kipande cha plasta kilichoshikilia kwa nyuzi. Anachemsha gundi nyepesi ya ngozi, au ya mabondo ya samaki, na kuiingiza kwenye ufa kwa brashi ndogo au bomba la sindano. Wasikilizaji wetu wa Ziwa Victoria wanajua bei ya mabondo ya sangara. Mafundi wa Ulaya hupendelea mabondo ya samaki aitwaye stajeni, kwa sababu gundi yake ni nyepesi, ina nguvu, na inaweza kufunguliwa baadaye kwa maji ya vuguvugu. Kipande kinagandamizwa polepole mpaka kinalala.

Halafu usafi. Kwanza brashi laini kavu. Baada ya hapo, majaribio kwenye kona isiyoonekana, eneo la ukubwa wa punje ya mahindi, kwa kijiti chenye pamba na kimiminika kinachofaa uchafu ule. Kwa dhahabu ya mafuta kinaweza kuwa na maji kidogo. Kwa dhahabu ya maji fundi hutumia vimiminika visivyoamsha gundi. Pamba inaviringishwa, haisuguliwi, na inatupwa mara tu inapochafuka.

Mojawapo ya vimiminika vinavyotumiwa na wataalamu ni mate ya binadamu. Hatutanii. Mwaka 1990 watafiti wa Ureno walichapisha utafiti juu ya mate kama kisafishio, na wakaona kwamba kimeng'enya kinachosaga wanga mdomoni ndicho kinachofanya kazi hiyo. Mwaka 2018 walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa tafiti za kuchekesha zenye maana ndani yake. Lakini mtaalamu anayetumia mate anajua ni tabaka gani analigusa na wakati gani wa kuacha. Nyumbani usijaribu.

Ua lililopotea hutengenezwa kwa kuiga pacha wake. Fremu nyingi hurudia nakshi ile ile pande zote nne, kwa hiyo fundi huchukua kalibu kutoka kwenye ua lililobaki, kwa mpira laini kama ule unaotumiwa na madaktari wa meno, kisha anafyatua jipya. Analigundisha kwa gundi inayoweza kufunguliwa, anajaza mianya kwa plasta ya chaki, anasugua, anapaka udongo.

Ndipo inapofika zamu ya dhahabu, na hapa kazi inapendeza kuitazama. Madirisha yanafungwa, feni inazimwa. Karatasi inawekwa juu ya mto mdogo wa ngozi wenye kizuizi cha upepo, inakatwa kwa kisu, inanyooshwa kwa pumzi moja. Fundi anachukua brashi pana na nyembamba ya manyoya ya kindi na kuipitisha shavuni mwake. Mafuta kidogo ya ngozi yake yanaifanya brashi iinyanyue karatasi bila kuishika. Analowesha udongo, anasogeza brashi, na dhahabu inaruka yenyewe kushika.

Baada ya saa chache anaanza kuisugua kwa jiwe la akiki lililonolewa kama jino la mnyama. Akiwahi, dhahabu inachanika. Akichelewa, haing'ai. Kwa hiyo hugonga kidogo na kusikiliza mlio wa plasta kujua kama imefikia. Zamani, kabla ya akiki kuenea, walitumia meno halisi. Cennini alitaja ya mbwa, simba, chui, na kwa ujumla ya wanyama walao nyama.

Dhahabu mpya kando ya ya zamani inapiga kelele. Fundi anaifubaza, anaisugua kidogo mpaka wekundu uchungulie, anapaka rangi nyepesi ya maji mpaka jicho lipite bila kusimama. Hapa mafundi hawakubaliani. Wapo wanaotaka kiraka kisionekane kabisa, na wapo wanaotaka mtaalamu akiinama karibu aweze kukitofautisha. Sisi tunaegemea hao wa pili. Kuivisha fremu nzima upya kwa sababu imelika pembeni ni kumfuta fundi wa kwanza, na wanunuzi wanaojua hushusha bei wakikuta hivyo.

Kopo la rangi ya dhahabu

Tulitenge hili kwa sababu ndilo tunaloliona zaidi, hasa kanisani kabla ya sikukuu. Kamati inanunua kopo dukani, vijana wanapaka, Pasaka inapita vizuri. Rangi ile ni unga wa shaba na zinki ndani ya vanishi. Baada ya miaka michache inageuka kahawia ya matope, na mwaka unaofuata kopo jingine linanunuliwa. Nakshi zinajaa, mistari ya majani inazibwa, na dhahabu halisi iliyopo chini haionekani tena na mtu yeyote. Inaweza kuokolewa, ndiyo, lakini ni kazi ya dawa kali na subira, inchi kwa inchi, na mara nyingi hugharimu zaidi ya ukarabati mwingine wote. Kama fremu yako imeshapakwa, usiongeze safu nyingine. Iache hivyo hivyo. Na kama uko kwenye kamati ya kanisa, soma aya hii kwenye kikao kabla kopo halijanunuliwa.

Unachoweza kufanya mwenyewe

Vumbi lipanguse kwa brashi kavu na laini sana, kama ile ya kupakia poda usoni, kutoka juu kwenda chini, mara moja au mbili kwa mwaka. Ukiona hata kipande kimoja kimeinuka, usipanguse. Kitambaa hakifai hata kikiwa kikavu, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye ncha za nakshi na kuzing'oa.

Kioo cha fremu ndicho kinachowaponza wengi. Dawa ikipuliziwa kioo moja kwa moja inateremka na kuingia chini ya ukingo wa dhahabu. Weka dawa kidogo kwenye kitambaa, mbali na fremu, kisha futa katikati ya kioo na uache upana wa kidole kando kando. Bora ukingo mchafu kuliko ukingo uliobanduka.

Itundike mbali na ukuta unaovuja, na usiiweke juu ya jiko wala karibu na mlango wa kutokea jua kali. Bandika vipande vidogo vya kizibo nyuma kwenye pembe za chini ili hewa ipite kati yake na ukuta. Mchwa nao utawaona mapema. Kamba au waya ukague kila mwaka. Wakati wa kuhamisha, watu wawili waishike kwa pande mbili imara, kamwe si kwa lile taji la juu, na ilazwe uso ukiangalia juu kwenye godoro. Usiifunge kwenye nailoni wakati wa masika, maana unyevu utafungiwa ndani pamoja nayo. Shuka safi la pamba linafaa zaidi.

Mafundi wa kuvisha dhahabu kwa njia hii ni nadra katika nchi zetu. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukusaidia kukaza pembe za nyuma, ila umwambie mapema asitumie msumari kutokea mbele wala gundi nyeupe ya mbao kwenye nakshi. Kwa dhahabu yenyewe omba ushauri makumbusho: Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, au Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwa walio upande wa pili wa mpaka. Piga picha kwa simu, ya mbele, ya nyuma, na ya karibu palipovunjika, ndipo uwapelekee.

Anayefikiria kuuza ajue mambo mawili. Kwa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inagusa vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali, kwa hiyo ulizia Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kukubaliana na mgeni. La pili ni mgongo wa fremu. Kule nyuma, kwenye mbao yenye vumbi ambayo hakuna anayeitazama, kunaweza kuwa na karatasi iliyobandikwa na karakana, namba iliyoandikwa kwa chaki, au mhuri wa meli. Mnunuzi mjanja huangalia hapo kwanza. Usiibandue, usiioshe, usiipige msasa. Ipige picha na uiache ilipo.